Pompi ya Viazi Mbele ya Radiatere

Mwaka ule shule yetu ilipojaa wakimbizi, nilikuwa mwalimu wa fizikia asiye na darasa. Familia zilizokuwa zimekimbia vita huko Masisi zilipewa vyumba vyote, madawati yakarundikwa uani, na sisi walimu tukaambiwa tungoje. Wiki ya kwanza nilingojea nyumbani. Wiki ya pili mke wangu akaniambia, kwa upole, kwamba mwanaume akipita jikoni kila baada ya dakika tano, maharagi hayaivi. Basi nikawa naenda shuleni asubuhi, nasalimia watu, naangalia kama tablo yangu, ubao wa kuandikia, ingali ukutani.

Ilikuwepo. Hata somo langu la mwisho lilikuwa juu yake, limeandikwa kwa chaki nyeupe: maji yanapogeuka mvuke huchukua joto la kile yanachokigusa. Chini ya maneno hayo familia moja ilikuwa imetandika mikeka yake. Baba wa familia ile alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye kofia ya sufu ambayo sikumwona akiivua hata siku moja. Pembeni yake kulikuwa na pompi ya kubeba mgongoni, ile ambayo wakulima wa viazi hupulizia dawa, mpya kabisa, bado ina karatasi ya dukani.

"Prof," aliniambia, "haya maandiko ni ya kwako? Batoto walitaka kufuta wachore ng'ombe. Nikakatala. Nikasema mwenyewe atarudi."

Nilimshukuru. Nikamuuliza kwa nini katika kukimbia alibeba pompi, si sufuria wala godoro.

"Mama wa batoto alibeba sufuria," akasema. "Hii nilikuwa nimeinunua Sake siku ile ile. Haijaonja dawa hata tone moja. Nilikuwa nayo mgongoni wakati risasi zilianza, na miguu ilienda bila kuniuliza. Nilipokumbuka kwamba niko nayo, nilikuwa nimeshafika mbali."

Akacheka, nami nikacheka. Halafu akaelekeza kidole kwenye tablo na kuniuliza maneno yale yanasema nini hasa. Nilimlowesha mkono kwa maji kidogo, nikampuliza. Aliugeuza mkono wake, akaugusisha shavuni.

"Baridi," akasema. "Lakini pumzi yako ni ya moto."

"Ndivyo."

"Basi ni maji ndiyo yanaiba ule moto yanaondoka nao."

Katika miaka yangu yote ya kufundisha, sikuwa nimepata mwanafunzi aliyelisema jambo lile vizuri namna hiyo.

Yaya yangu, dada yangu mkubwa, alikuwa na kamio, lori la kubebea mizigo. Zamani ilikuwa ya mume wake, lakini mgongo wa shemeji ulimkataa baada ya miaka mingi ya barabara mbaya, akabaki nyumbani akipika, na kwa kweli anapika kuliko sisi wote. Yaya akashika usukani. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, aliyezaliwa Butembo na kulelewa katika biashara, na maaskari wa vizuizi walimwita Mama kabla hata hajasimama. Alikwenda Bunagana na Rutshuru kuchukua viazi, kabichi na ndizi, akavileta Goma. Kwa kuwa sikuwa na kazi, aliniambia nimfuate ili awe na mtu wa kuongea naye. Ukweli ni kwamba alitaka mtu wa kumlalamikia kuhusu kamio.

Ukitoka Rutshuru na mzigo, mpaka Kalengera barabara inakuvumilia. Kuanzia hapo inapanda. Inapanda kwenda Rumangabo, inapanda kwenda Rugari, inapanda kwenda Kibumba penye baridi, ndipo inakuachia uteremke mpaka mjini. Katika mapando yale kamio ya Yaya ilikuwa inatia huruma. Ilitoa moshi mweusi, ikakohoa, ikatembea polepole kiasi kwamba mama mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani alitupita, akatusalimia, akaendelea na safari yake.

"Ona," Yaya akaniambia. "Weye umesoma. Sema inaumwa nini."

Nilijua kidogo. Gari yenye turbo hupumua kwa kulazimishwa: turbo inavuta hewa, inaibana, inaisukuma ndani ya injini. Hewa ikibanwa inapata moto, na hewa ya moto ni nyepesi, haishibishi injini. Ndiyo maana mbele ya radiatere ya maji inayopoza injini kuna nyingine isiyo na maji ndani, mafundi wetu wanaiita radiatere ya hewa, ambamo ile hewa ya moto inapita ipoe kwanza. Kinachoipoza ni upepo wa mwendo. Lakini kwenye kilima, unapotembea kama mtu wa miguu, upepo gani? Tulisimama Rugari, nikagusa bomba linalotoka kwenye radiatere ile kwenda injini. Niliondoa mkono haraka.

Njiani kurudi nilikuwa nafikiria mkono uliolowa na pumzi yangu. Kesho yake nilimchukua yule baba wa Masisi na pompi yake, nikampeleka kwa Yaya.

Yaya alitusikiliza, mikono kiunoni.

"Munataka kunawisha kamio uso ikiwa njiani."

"Kupuliza tu," nikasema. "Maji madogo madogo, kama umande. Yanagusa chuma cha moto, yanageuka mvuke, yanaondoka na joto."

"Na injini ikiingia maji?"

"Hayaingii ndani, Yaya. Yanabaki nje."

Alimgeukia baba wa Masisi. "Na weye papa, unamwamini huyu?"

"Mama, alinipuliza mkono," akajibu yule baba, kana kwamba hilo lilimaliza maneno yote.

Tulifunga vichwa viwili vya pompi, vile vinavyotoa maji, mbele ya radiatere ya hewa kwa waya, tukapitisha mpira chini ya mlango, na pompi yenyewe ikakaa ndani ya kabini kati ya magoti ya mwenyewe. Yeye ndiye alikuwa anasukuma mkono wa pompi juu chini, juu chini, kofia yake ya sufu ikicheza. Mimi nilishika saa na daftari. Yaya alishika usukani.

Kwenye pando la kwanza baada ya Kalengera, Yaya akasema, "Piga." Baba akapiga. Kwa muda hakikubadilika kitu. Kisha mvuke mwembamba ukapanda mbele ya kioo, na nikasikia sauti ya injini ikitulia, kama mtu aliyekuwa anapiga kelele halafu akaanza kuongea vizuri. Moshi ulipungua. Mahali ambapo Yaya alikuwa anashuka mpaka vitesi ya pili, yaani gia ya pili, hakushuka. Aliiangalia gia, akaniangalia mimi, akarudisha macho barabarani.

"Piga papa, usichoke," akasema.

Tulipofika Rugari nilishuka nikaligusa lile bomba. Nilihesabu mpaka kumi bila kuondoa mkono. Baba wa Masisi naye akagusa, Yaya akagusa, na watoto wa pale kijijini, walipoona watu wazima watatu wamesimama wakishika bomba na kutabasamu, wakaja kugusa pia. Siku ile tulifika Goma jua lingali juu. Shemeji alituchomea sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, Yaya akamsimulia pando zote, moja baada ya nyingine, na kila aliposema "nikabaki kwa vitesi ya tatu" shemeji alifunga macho kama mtu anayesikia habari za peponi.

Kwa wiki kadhaa tulikuwa watu wenye furaha. Barabarani walianza kuiita kamio yetu Nawa-Uso. Mashofea, madereva wa kamio nyingine, walitusimamisha kuuliza. Nilikuwa nawachorea kwenye daftari, na sikatai kwamba nilijisikia mkubwa kidogo.

Matatizo yalikuja taratibu. Pompi inabeba maji machache, na pando moja refu linayamaliza, kwa hiyo ilitubidi kubeba bido, madumu ya maji, nyuma. Kila bido ilichukua nafasi ya viazi. "Nabeba maji ili nibebe viazi, kisha nabeba viazi vichache kwa sababu ya maji," Yaya alisema. "Mudogo yangu, hesabu hii ulifundishwa wapi?" Siku za mvua na ukungu wa Kibumba, kupuliza hakukusaidia chochote, kwa sababu hewa yenyewe ilikuwa imeshiba maji na haikutaka mengine. Na mkono wa baba wa Masisi ulianza kuvimba. Alisema ni kawaida, kwamba shamba la viazi linachosha zaidi, lakini nilimwona akibadilisha mkono kila dakika.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo sikuliandika kwenye daftari. Asubuhi moja tulikuwa tunajaribu pompi kando ya barabara, Kanyaruchinya, karibu na mahema ya wakimbizi. Mama mmoja mzee alikuwa anapanda kutoka kuteka maji, bido mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Alisimama akaangalia maji yakipulizwa juu ya chuma na kudondoka kwenye makoro, yale mawe meusi ya volkano.

"Mwanangu," akamwambia Yaya, "hiyo gari inaumwa nini mpaka inaogeshwa?"

Yaya alishuka. Alimwomba bido, akaipakia, akampeleka mpaka kwenye hema lake. Aliporudi alisema, "Tangu leo, hapa watu wanapobeba maji, hatupulizi." Wala hatukupuliza tena mahali pale.

Kisha kamio ikaanza kuumwa upya. Ilirudi kwenye moshi wake mweusi, na pando la Rugari likawa baya kuliko mwanzo kabisa, tena huku tukipuliza. Yaya aliiegesha kwenye uwanja wa shule, tukafungua sehemu ya mbele. Sikupenda nilichokiona. Siku nyingi tulikuwa tunajaza bido zetu Kituku, ufukweni mwa ziwa, kwa sababu ni karibu na gereji tulikolaza kamio, na maji yale yakikauka yanaacha ganda jeupe. Juu ya ganda lile, vumbi jeusi la barabara yetu lilikuwa limenata kwa sababu ya unyevu. Radiatere ya hewa ilikuwa imefunikwa na matope yaliyokauka kama ukuta wa nyumba uliosiribwa. Hewa haikuwa na mahali pa kupita. Tulikuwa tumeipoza mpaka tukaiziba pua.

Yaya aliangalia matope, akaniangalia.

"Hiyo iko kwenye tablo yako?" akauliza.

"Hapana," nikasema.

 Baba wa Masisi alikwenda darasani akarudi na mswaki wa zamani na beseni, akaketi mbele ya kamio kwenye dawati langu, akaanza kusugua safu moja baada ya nyingine. Alisugua mpaka mchana. Nilipoleta beseni la tatu, aliinua mkono kuniambia ninyamaze. Yaya alikuwa amewasha injini kidogo ili tuone.

"Prof, sikia," akasema. "Kuna mutu anapiga mluzi."

Niliinamisha sikio. Kweli, chini ya kelele za injini kulikuwa na mluzi mwembamba. Aliingiza mkono nyuma, akafuata bomba la mpira linalotoka kwenye turbo, akasimama mahali fulani, akanichukua kidole na kukiweka pale. Mpira ulikuwa umepasuka upande wa chini, ufa wa urefu wa kidole, na upepo wa moto ulikuwa unatoka. Ufa ule haukuwa wa jana. Kingo zake zilikuwa nyeusi kwa mafuta ya miezi mingi.

Nilikaa chini kwenye makoro. Kamio ilikuwa inakosa pumzi kwa sababu nusu ya pumzi yake ilikuwa inavujia njiani, na mimi, mwalimu wa fizikia, nilikuwa nimekaa ndani na saa na daftari nikiandika jinsi maji yalivyokuwa yanasaidia. Yalisaidia, ndiyo. Lakini yalisaidia kama maji ya baridi kwenye paji la mtu mwenye malaria: anajisikia vizuri, na ugonjwa uko palepale.

"Usihuzunike," baba wa Masisi akasema. "Bila hii pompi, nani angesugua huku mbele? Tusingesikia."

Tulikata kipande cha chemba, mpira wa ndani wa tairi, tukakizungusha juu ya ufa, tukakaza kwa mikanda ya chuma. Radiatere ilikuwa safi, ufa wa bomba umezibwa, na kamio ilipanda Kibumba bila tone la maji, kwa vitesi ya tatu. Yaya hakunicheka siku ile. Alinicheka kuanzia siku iliyofuata, na hajamaliza.

Hata hivyo hakutaka pompi itolewe. "Kwa pando la mwisho, jua likiwa kali, inafaa," alisema. "Lakini maji ya chemchemi tu, na kila Jumamosi muniletee mswaki." Tukaweka desturi ya kujaza bido kwenye chemchemi karibu na Kalengera, ambako maji ni matamu na hayaachi ganda.

Tulikuwa pale, siku moja mchana, magunia machache yameshapakiwa, bido zimejaa, wakati watu walianza kuja kutoka upande wa Rutshuru. Kwanza wachache wenye pikipiki. Halafu wengi, kwa miguu, mbuzi kwa kamba, magodoro kichwani. Hatukusikia bunduki, lakini tuliona jinsi watu walivyokuwa wanatembea bila kuongea, na hiyo inatosha. Vita vilikuwa vimesogea tena.

Baba wa Masisi alisimama kando ya kamio, pompi mgongoni kwa sababu alikuwa anatoka kuijaza.

"Sasa hii ni mara ya pili," akasema. "Pompi hii inapenda vita."

Yaya alikuwa ameshapanda nyuma. Alisukuma magunia ya viazi chini kwa mikono yake mwenyewe, moja baada ya jingine, akamwambia mwenye shamba ayachukue ayafiche. Kisha akaanza kuwavuta watu juu: wazee, mama wenye mimba, watoto. Nilijaribu kuhesabu, nikashindwa. Kamio ilijaa mpaka mbao za pembeni zikalia.

Tulipanda polepole. Jua lilikuwa kali, na mshale wa joto la injini ulikuwa unasogea kule nisikokutaka. Baba alikuwa na pompi kati ya magoti, anangoja neno la Yaya. Nyuma tulisikia mtoto analia, wa pili akamfuata, halafu mwanamke mmoja akagonga paa la kabini, akainamisha kichwa dirishani.

"Mama, batoto wana kiu. Tumeona bido. Ni za dawa?"

Yaya aliangalia mshale. Akaangalia pompi.

"Si za dawa," akasema. "Ni maji ya kunywa. Kunyweni yote." Na kwa baba akasema, "Hiyo iliyo ndani ya pompi pia, papa. Muwagawie."

Baba alisimama dirishani, akachomoa mpira wa radiatere, akautia kichwa cha akiba, akautoa nje, akawapulizia watoto maji mdomoni. Nilisikia kilio kikigeuka kicheko, kwa sababu maji yale madogo madogo yalikuwa yanawapata puani na machoni zaidi ya mdomoni, na kila mmoja alitaka zamu ya pili. Bido zilizunguka mikono yote zikarudi tupu.

Chini ya pando kubwa la Rugari, Yaya alisimamisha kamio. Hatukuwa na tone. Alishuka, akasimama barabarani, akazungumza na watu wale kama mtu anayeongea na majirani zake.

"Kamio imechoka, haiwezi kutubeba sisi wote hapa. Mwenye miguu mizuri ashuke tutembee. Wazee, watoto na mizigo ibaki. Juu kule tutapanda tena."

Wakashuka, hakuna aliyenung'unika. Yaya aliniambia nishuke pia, mimi wa kwanza. Tulitembea nyuma ya kamio, wanaume, wanawake, vijana, na ile kamio ikapanda pando la Rugari bila kukohoa, bila maji, mlango wazi na Yaya akichungulia nje kuangalia kama tunafuata. Bibi mmoja aliyekuwa na kuku kwapani, ambaye alikuwa amekataa kabisa kuhesabiwa kati ya wazee, alifika juu kabla yetu. Alituambia kuku wake pia ana kiu, na kwamba wakati wa kugawa maji, huyo kuku alisahauliwa.

Usiku ule nyumba ya Yaya ilikuwa na watu hata chini ya meza, na shemeji alipika katika sufuria zote alizokuwa nazo. Wengi walipata ndugu zao mjini siku zilizofuata. Kuku alibaki kwetu muda mrefu zaidi kuliko mwenyewe.

Baada ya miezi, upande wa Masisi ulitulia kidogo, na baba yule akaamua kwenda kuona shamba lake. Alifungua waya zetu moja moja, akatoa vichwa vya pompi, akavisafisha, akaiweka mgongoni. Nilimwambia kwamba Yaya atamnunulia nyingine, abaki nasi. Alitikisa kofia yake.

"Prof, hii ilinunuliwa kwa viazi. Acha iende ione kiazi kimoja walau."

Madarasa yalianza kufunguliwa tena. Yaya bado anaendesha, na mashofea bado wanamsimamisha kumuuliza kuhusu Nawa-Uso, kama ni kweli maji mbele ya radiatere yanatoa nguvu. Anawajibu wote vilevile. Yanatoa, anasema, kwa dakika chache, jua likiwa kali na maji yakiwa safi. Lakini kwanza shuka, lala chini ya kamio yako, sikiliza kama kuna mutu anapiga mluzi. Kisha punguza mzigo. Ukimaliza hayo yote na bado unataka maji, nenda shuleni ukamtafute mudogo yangu, atakuchorea kwenye daftari, na usiwe na haraka ya kurudi nyumbani, kwa sababu yeye akianza hamalizi.

Wanakuja kweli. Wiki iliyopita alikuja mmoja wakati nafundisha, akasimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi. Nilimwambia aketi nyuma na wanafunzi mpaka nimalize. Akaketi, na aliuliza maswali mawili mazuri.